Punda Akikaribia Kuzaa, Nani Atateka Maji?

Punda wa nyumbani akishika mimba, watoto huanza kuuliza: atazaa lini, mwana atakuwa wa rangi gani, nani atampa jina. Waache waulize. Wewe mwenye boma, uwe Hadado kwenyewe au kwenye vijiji vya kando huku Wajir Magharibi, jiulize swali lisilopendeza sana: katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na miwili au mitatu baada ya kuzaa, maji ya nyumba hii yataletwa na nani? Ukiwa na jibu, sehemu kubwa ya kazi ya kungoja umeshaimaliza. Usipokuwa nalo, hata ukinunua tochi, sabuni na iodini na kuweka nambari ya daktari wa mifugo kwenye simu, umejipanga kwa usiku mmoja tu na nusu mwaka umeusahau.

Punda ni mzazi hodari. Wengi huzaa bila kuguswa na mtu, na asubuhi mwenyewe anamkuta mwana amesimama. Kinachotuharibia mimba zetu kwa kawaida huanza mapema: mzigo mzito, njaa ya kiangazi, fimbo za kiunoni, minyoo. Na kinachoua wana wengi baada ya kuzaliwa ni kukosa maziwa ya mama aliyerudishwa kazini kabla hajapata nguvu. Yote hayo yanarudi kwenye mitungi ya maji.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wengi hukosea hapo. Punda hubeba mimba mwaka mzima. Wengi huzaa siku ya 365 hadi 375 hivi tangu kupandwa, lakini wapo wanaozaa mwezi wa 11 na wapo wanaovuka hadi wa 14, na mwana akatoka mzima kabisa. Kwa hiyo jirani akikwambia punda wako amechelewa, mshukuru na uendelee kungoja. Ukihesabu kwa miezi ya Kiislamu, kumbuka miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355. Punda aliyepandwa mwisho wa Ramadhani hatazaa Ramadhani ifuatayo ikiisha, huenda akakufikisha katikati ya Shawwal au zaidi. Andika tarehe ya kupandwa kwenye simu, au uichore kwa mkaa kwenye bati la mlango. Kama hukumwona akipandwa, angalia joto lake. Jike akiwa kwenye joto hunyosha shingo, hulaza masikio nyuma na kutafuna hewa, taya zikifunguka na kufungika, mate yakimdondoka. Hali hiyo hurudi kila baada ya wiki tatu na kitu. Ikiacha kurudi, na dume akimkaribia anapigwa mateke, hesabu kwamba ameshika.

Mimba ya mwaka mzima ina faida moja ambayo wafugaji wa mbuzi hawana: msimu aliopandwa ndio msimu atakaozaa. Jike akipandwa mvua za Gu, Aprili au Mei, atazaa kwenye Gu ya mwaka unaofuata, silanga, yale mabwawa ya kuchimbwa, zikiwa na maji karibu na boma na majani yakiwa mabichi. Maziwa yatakuwepo, na safari za kisimani zitakuwa fupi. Akipandwa Deyr, Oktoba hadi Desemba, atazaa Deyr, na mwana atanyonya akiingia Jilaal, ile miezi ya Januari hadi Machi ambapo kisima kiko mbali, foleni ni ndefu na malisho ni vumbi. Mimi ningemzuilia dume mwezi wa Oktoba bila kuona haya. Mvua nayo haina mkataba na mtu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya, na mwishoni mwa 2023 ikaja ya El Niño ikafurika hadi barabara zikakatika. Ndiyo sababu mpango wa maji usitegemee mawingu peke yake.

Sasa mzigo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Punda wetu wa huku ni wadogo. Wengi hawazidi sana kilo 150. Punda mzima, asiye na mimba wala kidonda, asibebe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani mitungi miwili na shogi lake, lile tandiko la mizigo. Lakini pita njia ya kisimani asubuhi yoyote uhesabu: mitungi minne, na juu yake mzigo wa kuni au mtoto. Punda huyo amezidishiwa hata kabla hatujazungumzia mimba. Akiwa na mimba ya miezi sita, rudi kwenye mitungi miwili. Akifika miezi tisa, mwondolee mzigo wa mgongoni kabisa, kwa kuwa miezi hiyo mitatu ya mwisho ndipo mwana anapokua kwa kasi, na chakula chote alichokula mama kinatakiwa ndani. Mkokoteni nao uache. Nira na kamba ya tumboni humbana mahali pabaya, na kupanda ukingo wa laga, ule mto wa msimu, na mkokoteni uliojaa ni kazi ya dume. Kutembea bila mzigo kunamfaa. Mpeleke malishoni, aandamane na wenzake, asifungwe kigingini siku nzima.

Najua jibu: nyumba ina watu wanane na punda ni mmoja. Hapo ndipo pa kuzungumza na majirani mapema, si wiki ya mwisho. Njia ninayoipendelea ni ya kubadilishana. Nyumba mbili zenye majike hupatana: mwaka huu wako atuchotee maji miezi mitano, mwaka kesho wangu atawachotea nyinyi. Mtu mzima mmoja awe shahidi, na mkubaliane nani atamlisha punda anayefanya kazi ya nyumba mbili, maana ugomvi huzaliwa hapo. Wengine hununua maji kwa mwenye mkokoteni. Hiyo ni gharama, kwa hiyo anza kuweka akiba mimba ikiwa changa, ukiuza beberu mmoja Gu inapoisha, bei ikiwa bado nzuri. Wilbaro inabeba mitungi miwili au mitatu ikiwa njia si ya mchanga. Na kama una dume uliyemzoeza kupanda tu na kutembeatembea, huu ndio mwaka wake wa kujifunza shogi.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya punda? Kwa sababu mwana wa punda ni mali inayokuja polepole. Jike mwenye afya hupata mwana mmoja kila mwaka na nusu au miwili, pacha ni nadra na mara nyingi hawaponi, na mwana mwenyewe hafai kubeba mzigo wa maana mpaka atimize miaka mitatu. Kenya imeshaona punda wakiisha inakuwaje. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi, ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Katikati yake yalifunguliwa machinjio ya punda Naivasha, Mogotio, Machakos na Lodwar, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa, na majike wenye mimba wakachinjwa pamoja na wengine. Wizi wa punda ukaenea nchi nzima. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaifuta marufuku mwaka 2021, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuikomesha biashara ya ngozi za punda bara zima. Wataalamu wa vinasaba walioandika mwaka 2022 wanasema punda alifugwa kwa mara ya kwanza huku kwetu Afrika Mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Baada ya muda wote huo, njia ya kupata mwingine bado ni ileile ya kungoja mwaka mzima.

Chakula hakihitaji hekima nyingi. Punda hahitaji nafaka kwa debe. Anahitaji nyasi na majani ya kutosha kila siku, kidogokidogo, na chumvi ya mifugo ya kulamba. Kiangazi kikikaza, watume watoto wakaokote matunda ya mgunga yaliyoanguka, ni chakula kizuri sana. Nyasi kavu za kununua zinafaa mradi hazina ukungu. Hapa nitakazia: mahindi yaliyoota ukungu usimpe punda, hata yale ya msaada ambayo umeona watu wasiyale na unasikitika kuyatupa. Ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ubongo wa punda; mnyama huanza kuyumba, kuzunguka mahali pamoja, kugonga kichwa ukutani, na ugonjwa huo hauna dawa. Maboksi na karatasi za sokoni punda huzipenda kupita kiasi, sijui kwa nini, lakini plastiki zinazofuatana nazo hukwama tumboni. Maji mpe asubuhi na jioni, ndoo nzima nzima. Anayenyonyesha atakunywa zaidi ya unavyodhani. Dawa ya minyoo umpe kwa ushauri wa afisa wa mifugo, kwani si kila dawa ya mbuzi inamfaa punda mwenye mimba.

Ila kuna hatari moja ya chakula isiyojulikana na wengi, nayo humpata zaidi punda mnene kuliko aliyekonda. Punda mwenye mimba kubwa akiacha kula, kwa sababu yoyote, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe kwa haraka mno, mafuta yakajaa kwenye damu na kwenye ini, na baada ya siku chache hakuna wa kumwokoa. Sababu inaweza kuwa jino bovu, homa, safari ndefu, au huzuni tu. Naam, huzuni: punda wawili waliokua pamoja huwa wamefungamana, na ukimuuza mmoja wakati mwenzake ana mimba, aliyebaki anaweza kugoma kula. Kwa hiyo rafiki yake asiondoke kabla ya kuzaa. Na punda mwenye mimba akilala njaa huku majani yako mbele yake, usimpe siku ya pili ya kuona atakavyoamka. Piga simu siku hiyohiyo.

Jambo linalotudanganya sote ni ugumu wa mnyama huyu. Anaweza kukaa bila maji mpaka apoteze robo ya uzito wake, kisha akanywa na kusimama wima ndani ya dakika chache. Maumivu anayaficha vivyo hivyo. Farasi mwenye tumbo linalouma atajigalagaza. Punda atasimama kimya kichwa kimeinama, masikio yamelegea kando, na wapita njia watasema amepumzika. Wewe unayemjua, jua namna anavyosimama siku njema, ili siku mbaya ikupigie kelele.

Mahali pa kuzalia patafutwe mwezi mmoja kabla. Pawe pakavu, pasafi, mbali na lilipolala kundi la mbuzi, maana mavi yao na mkojo ni maradhi ya kitovu cha mwana. Ua wa miiba uwe mrefu na mzito, na mlango wake uzibwe kila magharibi. Fisi husikia harufu ya uzazi kutoka mbali, na mwana wa punda aliyelowa hana mbio. Mama mwenyewe ni mkali, atauma na kupiga, lakini akiwa amelala kwa uchungu hawezi. Mbwa wa watu nao wasiingie. Ndani ya ua aachwe huru. Wengi wetu tumezoea kuwafunga punda miguu ya mbele usiku wasipotee. Kwa punda aliyekaribia kuzaa kamba hiyo ni ya hatari, kwa kuwa atalala na kuinuka mara kumi usiku ule, na mwana atajiingiza kwenye kamba akitafuta chuchu. Punda rafiki awe karibu, aonekane, ila upande wa pili wa ua.

Dalili hazifuati ratiba, lakini zina mpangilio. Wiki mbili hadi nne kabla, kiwele huanza kujaa, kwanza usiku tu, mchana kikapungua, kisha kikabaki kimejaa. Miezi ya mwisho, mara baada ya kunywa maji ya baridi, unaweza kuona ubavu ukichezacheza; waite watoto waone. Siku za karibu kabisa, nyama za pande mbili za shina la mkia hulegea ukiziminya, uke hurefuka, na kwenye ncha za chuchu huganda tone la manjano linalonata. Tone hilo kwa wengi humaanisha siku moja au mbili. Wengine hawalionyeshi kabisa, na wengine hulionyesha wiki nzima ili kuwachosha wenye nyumba. Usikamue ili kuhakikisha. Unachokamua ni dang'a, yale maziwa ya kwanza, na mwana atayakosa.

Vitu vya kuweka tayari vinaingia kwenye ndoo moja: sabuni, glavu za plastiki, taulo au kanga kuukuu safi mbili, iodini ya duka la dawa za mifugo, kikopo kidogo chenye mdomo mwembamba, uzi, tochi iliyochajiwa, chupa ya mtoto yenye chuchu. Nambari ya afisa wa mifugo wa Griftu au ya Wajir mjini iwe kwenye simu mbili, si moja, na nauli ya bodaboda iwe imetengwa. Mjue pia mtu wa karibu aliyewahi kugeuza ndama wa ngamia tumboni. Huku kwetu wapo, na tangu miaka ya 1990 kuna vijana na wazee waliofunzwa kutibu mifugo vijijini, wale tuwaitao daryelle. Laga ikijaa, huyo ndiye daktari wako. Wenzetu wa Lamu wana bahati: shirika la Donkey Sanctuary lina kliniki ya punda kule tangu 1987. Sisi tuna simu na jirani.

Mara nyingi itakuwa usiku, kati ya Isha na Alfajiri, na mara nyingi itakuwa baada ya wewe kuchoka kukesha. Punda anaweza kuuzuia uchungu kwa muda akiona watu wamemzunguka, kwa hiyo kesha ukiwa mbali, taa imezimwa, watoto wamelala. Mwanzo atahangaika: atazunguka, atakojoa kidogokidogo, atatazama ubavu, atalala na kuinuka, atatoka jasho nyuma ya viwiko. Hali hiyo inaweza kuchukua saa moja au nne. Kisha chupa hupasuka, maji mengi humwagika, na kuanzia hapo mambo ni ya haraka. Mwana anatakiwa awe nje ndani ya nusu saa.

Angalia kinachotangulia. Kinachotakiwa ni utando mweupe wa kupenyeza mwanga, na ndani yake mguu wa mbele, wa pili ukifuata nyuma yake kidogo, nyayo zikitazama chini, halafu pua imelala juu ya magoti. Kwato zitaonekana za ajabu ukizimulika: zimefunikwa na nyuzi laini zenye unyevu, nyeupe zikielekea manjano, kama nyama ya dafu changa. Ndivyo zilivyoumbwa, zisimchane mama tumboni, na zitakwisha zenyewe mwana akianza kutembea. Ukiona hivyo, rudi ukakae. Usivute, usimwinue, usimwagie maji.

Mambo matatu tu yanakuondoa mahali ulipokaa. La kwanza, kinachotoka ni kifuko chekundu kizito badala ya utando mweupe: zalio, yaani kondo la nyuma, limeachia kabla ya wakati na mwana ndani hana hewa. Hapo huna dakika ya kupiga simu; kichane kwa kidole au kisu kwa uangalifu, shika miguu, mvute mwana kwa kufuata msukumo wa mama. La pili, nyayo zinatazama juu, au mguu ni mmoja, au kuna pua bila miguu. Mwinue mama, mtembeze polepole ili apunguze kusukuma, na umwite yule mtu wa ngamia, aoshe mikono hadi viwiko, akate kucha na kujipaka sabuni kabla ya kuingiza mkono. La tatu, dakika 20 za kusukuma kwa nguvu zimepita na hakuna kinachoonekana. Ukilazimika kuvuta, vuta miguu yote miwili, kuelekea chini kwenye visigino vya mama, anaposukuma tu. Akipumzika nawe pumzika. Mikono ya watu wawili inatosha. Nimesikia habari za kamba iliyofungwa kwenye gari, nami sitaieleza zaidi, ila isifanywe.

Glavu uzivae kwa sababu nyingine pia. Homa ya Bonde la Ufa imepita kwetu si mara moja: Garissa na jirani zake baada ya mvua za 1997, tena mwishoni mwa 2006, na Wajir mwaka 2018. Wanaougua zaidi ni kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, punda si sana. Lakini mkono unaomzalisha punda leo ndio utakaomshika mbuzi aliyeharibu mimba kesho, na baada ya mvua kubwa damu na maji ya uzazi si vya kushikwa kwa mkono mtupu. Mtu akipata homa kali siku chache baadaye, aende hospitali na aseme alishika nini.

Mwana ametoka. Kama utando umemfunika pua, uondoe. Kama hapumui, mfute kamasi, msugue kwa nguvu kwa kanga mbavuni, mtekenye tundu la pua kwa unyasi. Akishapumua, toka. Kitovu usikikate, mama akiinuka, au mwana akijikokota, kitakatika chenyewe mahali pake, na damu iliyobaki kwenye zalio itakuwa imeshamfikia. Kikishakatika, jaza iodini kwenye kile kikopo na uzamishe kitovu chote kwa muda, tena jioni, tena kesho. Punda hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko karibu mnyama yeyote wa nyumbani, na vumbi la zizi ndilo nyumba ya pepopunda. Majivu na mavi makavu ya kitovuni ni dawa ya kumwua. Chanjo ipo, muulize afisa wa mifugo kama inaweza kupatikana mama akiwa na mimba ya miezi kumi na moja hivi, kwa maana kinga hiyo mwana huipata kwenye dang'a.

Na dang'a ndiyo roho ya siku ya kwanza. Mtoto wa binadamu huzaliwa tayari na kinga nyingi kutoka kwa mama. Mwana wa punda huzaliwa bila kitu, na tumbo lake hupokea kinga ya dang'a kwa saa chache tu. Zile sita za kwanza ndizo bora, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Wapo wanaoikamua na kuimwaga kwa kuiona nzito na ya manjano, wakisema ni maziwa machafu. Hilo likome. Tumia hesabu hii: ndani ya saa moja awe amesimama, ndani ya saa mbili awe ananyonya, ndani ya saa tatu zalio liwe limetoka. Kusimama kwake kutakuchekesha, ataanguka mbele, ataanguka nyuma, atanyonya goti la mama na ukuta wa ua. Mwache. Saa mbili zikipita bila kupata chuchu, mmoja amshike mama kichwa kwa upole, mwingine amwelekeze mwana. Mama wa mimba ya kwanza wakati mwingine hukataa kwa sababu kiwele kinamuuma. Kitambaa cha maji ya vuguvugu humlainisha. Ikishindikana, kamua umnyweshe kwa chupa, akiwa amesimama au amekaa kifudifudi, kichwa kisiinuliwe juu sana, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Mama akifa, au asipokuwa na maziwa, tafuta kwanza dang'a ya punda mwingine aliyezaa karibuni. Baadaye maziwa ya mbuzi ya vuguvugu yanaweza kumlea, kidogokidogo, kila saa moja au mbili mchana na usiku kwa siku za mwanzo. Ni kazi ya kuwachosha watu watatu, mgawane zamu.

Zalio linaloning'inia lifunge juu kwa uzi lisikanyagwe. Usilivute, na usilining'inizie jiwe wala kiatu. Likichanika, kipande kikabaki ndani, mama ataoza damu na kwato zake zitavimba hadi asiweze kusimama. Saa tatu zikipita, piga simu. Likitoka, litandaze chini ulikague: liwe zima, lenye tundu moja tu alilopitia mwana. Kisha lizike kirefu, mbali na boma. Mwana naye atoe mavi ya kwanza, meusi na yanayonata, siku hiyohiyo. Akijikaza na mkia juu bila kitu kutoka, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kwa bomba dogo lisilo na sindano, humfungua.

Wiki ya pili mwana ataharisha kidogo na kila mtu ataogopa. Mama huwa amerudi kwenye joto siku ya tano hadi ya kumi na nne, na wana wengi huharisha wakati huohuo. Mradi anacheza na kunyonya, mfute nyuma na umwangalie tu. Akilegea, akiacha kunyonya, kiwele cha mama kikijaa hadi kudondoka, huyo anaumwa. Utamwona pia akila mavi ya mama yake. Usimpige, anajipatia vijidudu vinavyosaga majani tumboni. Mchana mjengee kivuli, kwa kuwa jua la saa saba la Wajir si la mnyama wa siku tatu.

Joto hilo la baada ya kuzaa ndilo majirani wenye madume watakalokuja kukukumbusha. Ukimruhusu dume wakati huo, jike atakuwa ananyonyesha huku amebeba mimba, na Jilaal ikiingia vibaya atapoteza kimoja. Mimi ningengoja angalau mwana afike miezi mitatu, na msimu ukiwa mbaya ningengoja hadi aachishwe, miezi sita au zaidi. Ni rahisi kusema hivyo na ni vigumu kuzuia dume, kwa hiyo mwenye dume aambiwe mapema, na kama nyumba ina madume matatu ya bure, mawili yahasiwe na daktari.

Mama arudi kwenye shogi polepole: mtungi mmoja kila upande, safari fupi, si kabla ya miezi miwili, na mitatu ni bora. Mwana ataandamana naye hadi kisimani. Mpe nafasi ya kunyonya njiani, anahitaji mara kadhaa kwa saa. Asichezewe na watoto kwa kupandwa, hata mtoto awe mdogo kiasi gani. Kutoka mwezi wa kwanza mzoeze kushikwa masikio na kuinuliwa miguu, na hatamu laini umvalishe miezi mitatu hivi, uivue kila usiku. Shogi tupu mwekee akiwa na miaka miwili ili alizoee. Mtungi mmoja mmoja baada ya mitatu, na mzigo kamili wa mitungi miwili akitimiza minne.